Mzaramo Wetu na Safari ya Visiwa

Jumatatu, 9 Juni

Sketi za marinda tangu asubuhi. Shule zimefungwa. Wazazi wenye akili wanaleta vitambaa sasa hivi. Wasio na akili wataleta siku moja kabla ya kufungua, na hao ndio wengi, na hao ndio watakaoniuliza kwa nini nachelewa.

Pasi inakamata moto vizuri. Mkaa ni wa lile gunia alilonibwagia Mzee Kondo miguuni kabla ya Ramadhani. Mkaa wa mti mgumu, hautoi cheche. Alinibwagia akakaa chini kupumua, shati limelowa, nikamwambia, "Mzaramo umeanza kuwa mtu." Akajifuta jasho, akaenda zake. Nikadhani amechoka.

Alhamisi tunasafiri. Naandika tena nione kama litaonekana la kweli: Alhamisi tunasafiri kwenda kutembelea visiwa. Sisi. Watu wa kibaraza kimoja karibu na stesheni ya Tabora. Mimi na cherehani yangu. Zuwena na asali na karanga zake. Mwalimu Theresia, amestaafu, ana mashine ya fotokopi na hana utani hata chembe. Na Mzee Kondo, alikuwa fundi wa mabehewa relini, sasa anatengeneza majiko na kuchokoza watu.

Theresia ndiye aliyeliona tangazo kwenye simu. Boti inatoka Kigoma, inashuka ziwa hadi visiwa vya Kipili, watu wanaoga, wanakula samaki, wanarudi. Tulichanga mwaka mzima. Habari za pesa sitaziandika, zinaniumiza.

Leo mteja ameniuliza yule mzee wa majiko ni nani wangu. Kondo akadakia kabla sijafungua mdomo: "Huyu ni mke wangu, nilimnunua kwa nazi mbili, moja mbovu." Nikamwambia mteja asimjali, ni mtani, Mzaramo, kwao wanacheza ngoma hadi wanasahau kupika. Mteja akacheka, akaondoka ameridhika. Ndivyo tunavyoishi. Babu zetu Wanyamwezi walibeba mizigo kutoka hapa hadi pwani, wakafika kwa Wazaramo, wakaanza kutukanana kwa mapenzi, na hadi leo hakuna aliyesema imetosha.

Jumatano, 11 Juni

Nimempigia Kaka Idi, yuko Isikizya. Yeye ndiye mkubwa wetu, na tangu baba afariki yeye ndiye walii wangu, wa kuniozesha, ingawa sijui walii wa mjane wa umri wangu ana kazi gani. Nimemwambia nasafiri. Akauliza na nani. Nikamtajia.

"Unasafiri na mwanamume?"

"Kaka, si mwanamume. Ni mtani. Kondo."

"Ah. Basi sawa."

Akaendelea kuniuliza bei ya mpunga.

Zuwena amefunga chakula cha kulisha msafara. Michembe ya viazi vitamu, karanga, asali, kuku wa kukaanga, vitumbua. Nimemwambia boti ina mpishi. Akasema mpishi naye atakula.

Kondo hakufungua leo. Kijana anayeuza vioo vya simu upande wa pili amekuja kupima ile nafasi ya Kondo kwa hatua. Nimemuuliza anapima nini. Akasema, "Naangalia tu, mama." Sikupenda alivyoangalia.

Alhamisi, 12 Juni

Ndani ya treni. Mwandiko utasamehewa.

Nimezaliwa kwenye njia ambayo kila mgeni anakuja kuipiga picha. Shuleni tulipelekwa Kwihara kuonyeshwa tembe, nyumba ya udongo ya zamani, tukaambiwa misafara ilipita hapa ikienda Ujiji. Nikajifunza yote, nikafaulu mtihani, na sijawahi kwenda magharibi kupita Urambo. Aibu kidogo. Leo Urambo imepita dirishani nikiwa nakula karanga.

Kondo amevaa shati jipya. Limepigwa pasi, si kwangu. Limenichoma kidogo hilo, sijui kwa nini. Anajua kila stesheni, anajua behewa lipi lina mlango mbovu. Wafanyakazi wa treni wanamwita mkuu. Ana begi kubwa kuliko la mtu anayekwenda kuoga siku chache.

Kwenye behewa letu kuna mfanyabiashara wa mpunga kutoka Kahama, Msukuma, mnene, naye anakwenda kwenye boti ileile. Aliposikia Kondo ni Mzaramo akamvua kofia papo hapo, akakaa juu yake. "Ikomboe, mtumwa wangu." Kondo akaikomboa kofia kwa kitumbua cha Zuwena. Zuwena akadai kitumbua chake. Behewa zima likaingia. Theresia alikuwa anasoma. Aliinua macho mara moja, akauliza kama watu wanagombana.

Lakini Kondo anacheka kidogo leo. Mdomo unacheka, macho yako mbali. Huenda tumbo.

Ijumaa, 13 Juni

Kigoma. Nimeliona ziwa.

Sitaandika ni kubwa kama nini. Ni kubwa. Upande wa pili kuna milima, ni Kongo, inaonekana kama nguo iliyoanikwa mbali.

Asubuhi tulikwenda Ujiji kwa sababu Theresia alisema ni lazima. Mwisho wa njia ya misafara. Nilitarajia kuhisi kitu kikubwa. Nilihisi njaa. Zuwena babu zake ni Wamanyema, waliingia nchi hii kwa hapo, kwa hiyo yeye alilia. Kisha akauliza bei ya mawese, akanunua dumu. Anakwenda kuzunguka ziwa na dumu la mawese.

Boti yenyewe ni ya orofa mbili, imepakwa rangi nyeupe juu ya kutu. Wanawake wanalala chini, wanaume juu. Tumepewa maboya ya kuvaa. La Zuwena halifungi, akaongezewa kamba. Nahodha ni mtu mpole, anaongea kama anaomba radhi.

Tumeondoka jioni. Niliposikia injini nilishika mkono wa mtu aliyekuwa karibu. Alikuwa Kondo. Angekuwa Kondo ninayemjua angepiga kelele kwamba Mnyamwezi anaogopa maji ya kunywa.

Jumamosi, 14 Juni

Maji pande zote. Zuwena amekumbatia ndoo. Chakula chote kile, na yeye ndiye asiyeweza kula.

Nilikaa nyuma ya boti kwenye kivuli, nashona kifungo cha Theresia. Kondo akaja akakaa. Watu walikuwa wengi, yule wa Kahama, walimu wa Urambo, wote wamejaa pale kwa sababu ndipo upepo ulipo. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Siwema, nataka nikuoe. Nimezeeka, sitaki kuzunguka maneno."

Mimi sikukawia. Nikapaza sauti: "Njooni mshuhudie jamani! Mzaramo anatafuta mpagazi wa kumbebea nazi hadi kaburini!"

Boti ikacheka. Wa Kahama alijipiga mapaja. "Mahari ni nini, shemeji?" Nikamwambia mnazi mzima, aung'oe kwao na mizizi yake, aje nao kichwani. Wakacheka tena. Nilikuwa naendelea vizuri sana, naona kama nilikuwa napendeza.

Kondo naye alicheka. Lakini alichelewa. Kama redio yenye betri kuukuu, unaizungusha, kimya, kisha ndipo inasema.

"Sawa," akasema. Akanyanyuka, akaenda juu.

Theresia alinitazama kwa muda. Nikamuuliza vipi. Akasema kifungo nimekiweka upande usio wake. Ni kweli, nilikuwa nimekiweka upande usio wake.

Jumapili, 15 Juni

Tumefika visiwani asubuhi. Mawe makubwa ya mviringo yamerundikana kama mizigo iliyotuliwa. Maji unaona hadi chini, unaona samaki wadogo wa mistari wanakuja kukunusa miguu. Ufuko ni mweupe. Wanakijiji walikuja na mitumbwi kuuza migebuka waliowakausha kwa moshi. Theresia alisali peke yake kwenye jiwe kwa kuwa ni Jumapili, kisha akaingia majini na gauni lake lote, akaogelea. Anajua kuogelea! Hatukujua. Alijifunza chuo cha ualimu. Miaka yote hii hakuona sababu ya kutuambia.

Ningekuwa na furaha. Nilikuwa nayo hadi chai.

Kulikuwa na kiti kimoja. Kondo alikuwa amekikalia. Nilipofika akasimama akasema, "Karibu, Bi Siwema." Akaondoka.

Bi Siwema. Mimi naitwa mpagazi. Naitwa mla michembe. Naitwa cherehani ya mkono. Sijawahi kuitwa Bi na huyu mtu tangu aje kwenye kibaraza. Nimeogopa. Nimeogopa kuliko nilivyoogopa injini.

Mchana nikamfuata Zuwena. Alikuwa anaosha ndoo. Nikamuuliza Kondo ana nini. Akaniangalia kama mtu anayeangalia mtoto aliyekunywa mafuta ya taa.

"Wewe mwanamke, unajua kushona tu? Alikuwa anakuposa."

"Alikuwa anatania."

"Na mzee Hamisi naye alikuwa anatania?"

Mzee Hamisi ni jirani yake Kondo, wanaswali msikiti mmoja. Kabla ya Ramadhani alikuja nyumbani kwangu amevaa koti, akakaa, akakohoa, akasema ametumwa na Kondo kuleta maneno ya ndoa. Nilicheka hadi nikashika ukuta. Nikasema hii sasa imezidi, Mzaramo anatuma wazee wa watu. Nikamwambia amrudishie jibu: nitaolewa na Mzaramo siku atakapobeba gunia la mkaa kichwani kutoka Kwihara hadi mjini kwa mguu, kama babu zangu walivyobeba. Mzee wa watu akanywa chai akaenda.

Hapo ndipo nikasema, "Gunia."

Zuwena akasema, "Ndiyo. Lile. Alilibeba. Kutoka Kwihara. Watu njiani walidhani amerukwa na akili. Alilibwaga miguuni kwako, na wewe ukamwambia nini?"

Najua nilimwambia nini. Nimeliandika juu hapo, Jumatatu, nikiwa najisifia.

Theresia alikuwa ametoka majini, anakamua gauni. Akasema yeye alimshauri Kondo anieleze kwa barua. Kondo akakataa, akasema nitaisoma kwa sauti kibarazani. Nimejaribu kukasirika. Ningeisoma kwa sauti kibarazani.

Kisha Theresia akasema lililobaki, kwa sauti ileile anayosomea tangazo. Kondo amerudisha nafasi yake kwa mwenye nyumba. Kwao Kisarawe kuna kipande cha shamba cha kaka yake marehemu, kina mikorosho na hakina mtu. Tiketi yake ya treni ya kurudi haiishii Tabora. Inaendelea hadi Dar. Alijiambia atauliza mara ya mwisho, yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, mbali na kibaraza. Akijibiwa vibaya, hatashuka.

Nimejibu vibaya. Mbele ya boti nzima.

Jumatatu, 16 Juni

Ninamtaka. Nimeandika. Hakuna anayesoma.

Si jambo la jana. Nadhani ni tangu msiba wa Salum, mume wangu. Watu walikuwa wamekaa matangani kimya. Kondo akaingia, akachukua baiskeli ya marehemu, akavaa kofia yake, akaanza kuzunguka ua anapiga kengele: "Salum amekataa kufa, anauliza chai yake iko wapi!" Na alikuwa anaendesha vilevile Salum alivyokuwa anaendesha, magoti nje. Wanawake walicheka hadi wakalia upya. Mimi pia. Ndiyo pumzi ya kwanza niliyoivuta tangu asubuhi ile. Baiskeli hakuirudisha hadi tulipoikomboa kwa jogoo. Mtu mwingine angeniletea maneno ya dini. Mtani alinirudishia mume wangu kwa dakika chache, akadai jogoo.

Mtu wa namna hiyo nilimchukulia kama redio. Unaiwasha, inachekesha.

Leo nimejaribu. Boti imehamia kisiwa kingine, kidogo, ndege wengi. Kondo alikuwa kwenye jiwe anavua kwa mshipi, hapati kitu. Nikaenda. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nikasema, "Mzee Kondo, lile gunia nimelielewa."

Kabla hajageuka, yule wa Kahama, kumbe yuko nyuma ya jiwe anaoga, akapiga kelele: "Mzaramo kimbia! Mke amekuja kudai mnazi wake!" Na walimu wa Urambo wakaitikia huko majini. Na mimi, mdomo wangu huu, ukajibu wenyewe! Ukasema, "Akikimbia nitamfuata, Mzaramo hana mbio, ana ngoma tu."

Kondo akatabasamu vizuri, kwa adabu. "Usijisumbue, Bi Siwema. Tumecheka vya kutosha. Tuache hapo, pazuri."

Akarudi kwenye mshipi wake.

Sina la kufanya na huu mdomo. Nimeutumikisha kazi moja miaka yote. Leo nimeutuma kwingine, umerudi kulekule.

Jioni wapishi walichoma kuhe kwa limau. Sijawahi kula samaki mtamu vile, na sikusikia ladha yake. Kuna watu wanasema hivyo nikawa nadhani wanaongeza chumvi.

Jumanne, 17 Juni

Tunarudi. Upepo wa kusini unatusukuma mgongoni, mawimbi yananyanyua boti kisha yanaiachia. Nahodha anasema hili ni la kawaida, anasema kwa sauti ya kuomba radhi, hatumwamini. Theresia anasoma rozari. Mimi nasoma dua nilizonazo. Zuwena amerudi kwenye ndoo, na dumu la mawese limepinduka, sitaha yote inateleza.

Kondo amemshikia Zuwena ndoo tangu asubuhi. Anamfuta uso kwa leso yake. Anamtania: "Toa, toa, hata kitumbua changu cha kofia kimo humo." Kwa Zuwena bado anatania. Kwangu adabu tu. Nimechukia adabu yake. Nimemwonea wivu mwanamke anayetapika.

Nimekaa kufikiri kama mtu mzima. Nikienda kwake na neno lolote, ni utani. Nikilia, atadhani nachekesha, nimewahi kulia uongo mbele yake kibarazani kumcheka mteja. Nikimtuma Zuwena, atacheka katikati ya ujumbe, namjua. Ni mbele ya nani sisi hatutanii? Msibani tunatania. Hospitalini alinitania nikiwa na dripu mkononi. Msikitini ametoka juzi akaniuliza kama Wanyamwezi wanajua kibla kiko wapi.

Nimefikiri hadi kichwa kikauma, na mawimbi.

Walii.

Hakuna anayeweka utani mbele ya walii. Neno likifika kwake limekuwa neno.

Simu haina mtandao. Maji tu. Nimeishika mkononi mchana kutwa kama tasbihi.

Jumatano, 18 Juni

Nitaandika polepole nisikosee.

Tulipoikaribia Kigoma, mtandao ukarudi. Simu zote za boti zikaanza kulia pamoja, kila mtu anaitwa na kwao. Kondo alikuwa amesimama ukingoni na begi lake kubwa. Watu walikuwepo. Wa Kahama alikuwepo. Sikujali. Nilikwenda nikasimama karibu naye, nikampigia Kaka Idi, nikaweka sauti kubwa.

"Kaka, Kondo anataka kunioa. Nami nimekubali."

Kaka akacheka. Alicheka kicheko cha shambani, boti nzima ikakisikia. "Mzaramo? Mpe michembe arudi kwao!"

Wa Kahama akafungua mdomo. Theresia akamwekea mkono begani, mkono wa ualimu, mdomo ukafungwa.

Nikasema, "Kaka. Sasa hivi naongea na walii wangu."

Nilisikia kuku wa Isikizya wanalia nyuma yake. Nilimwona Kondo ameliachia begi.

"Siwema."

"Naam."

"Yupo hapo?"

"Yupo."

Nikampa simu. Aliipokea kwa mikono miwili. Hawa ni watani, hawajawahi kusalimiana kwa heshima hata siku moja, wakikutana wanaulizana nani alimwacha mwenzake atoroke zizini. Kondo akaisogeza simu mdomoni.

"Shikamoo, kaka."

Kiti kikalia huko kwa Kaka. Nadhani alikuwa anakaa.

"Marahaba, Kondo. Unamaanisha?"

"Namaanisha. Tangu kabla ya Ramadhani."

"Na yeye anamaanisha?"

Kondo akanitazama. Hilo ndilo alilokuwa hajui. Nimeishi na macho ya huyu mtu kando ya cherehani yangu na sikuwahi kuyaona yakiuliza kitu bila kuwa na mzaha tayari nyuma yake.

"Mimi ndiye niliyepiga simu," nikasema.

Kaka akakohoa. "Njoo Isikizya, Ijumaa ya wiki ijayo, baada ya sala. Uje na mshenga. Mwambie Siwema safari hii asiagize mkaa." Kumbe naye alijua. Kumbe Tabora nzima ilijua, nilikuwa nimebaki mimi na pasi yangu.

Simu ikakatika. Zuwena akapiga kigelegele, kikaishia kwenye ndoo. Walimu wa Urambo wakapiga makofi. Wa Kahama alikuwa analia, jitu zima lile, anajifuta kwa kofia ya Kondo.

Kondo alilishika boya lake la kuvaa, akalivua, akalivaa tena. Tulikuwa tumeshafika.

Ijumaa, 20 Juni

Treni iliingia Tabora asubuhi. Njia nzima tulikaa kiti kimoja na hatukuwa na la kusema. Yaani tulikuwa nalo, ila hatukuwa na namna ya kulisema. Mara nyingine mmoja wetu alifungua mdomo, akaona linakuja la kutania, akalimeza. Ni kazi. Nilitokwa jasho.

Mkagua tiketi ni kijana wake wa zamani. Akamwambia, "Mkuu, wewe unaendelea na sisi hadi Dar." Kondo akasema anashuka. Kijana akamwambia pesa ya nauli iliyobaki hairudi. Kondo akasema anajua, kanuni hiyo aliipinga mwenyewe akiwa kazini.

Tukashuka. Nilikuwa nimeshavuka geti la stesheni, nimeshasalimiana na watu wawili watatu, ndipo nikagundua begi lake kubwa liko kichwani kwangu. Sijui nililitwaa wapi. Nyuma yangu Kondo anatembea mikono mitupu, amekaza uso, mashavu yametuna. Zuwena amejiuma mdomo. Hata Theresia alitazama pembeni.

"Sema," nikamwambia. "Usife."

Alicheka katikati ya barabara hadi akakaa chini.

Jumatatu, 23 Juni

Sketi. Wazazi wameanza kushtuka.

Kijana wa vioo vya simu ameshachukua nafasi ya Kondo, ana karatasi ya mwenye nyumba. Tumebanana. Majiko ya Kondo sasa yako kati ya cherehani yangu na asali ya Zuwena, na moshi unaniingia machoni. Zuwena ameuza mawese yaliyosalia kwa bei ya kulipia yaliyomwagika. Theresia ametoa picha tuliyopiga kisiwani, ameibandika kwenye mashine. Sote tumefumba macho isipokuwa yeye.

Niliogopa utani utakufa. Asubuhi mteja ameniuliza yule mzee ni nani wangu, na sote wawili tukanyamaza kama wanafunzi. Mteja akadhani ameuliza vibaya. Labda itakuwa hivi kwa siku kadhaa. Labda tutajifunza kusema mambo mawili kwa mdomo mmoja, la mzaha na la kweli, na kila mtu kujua lipi ni lipi. Watu wazima wamejifunza magumu zaidi. Theresia alijifunza kuogelea.

Ijumaa anakwenda Isikizya, na hana kanzu ya maana. Nimemwambia asimame nimpime. Alisimama wima, mikono kando, kidevu juu, hakupumua. Kibaraza kizima kilikuwa kinatazama bila utani. Urefu. Kifua. Mkono. Bega nimelipima mara mbili.

Kipimo cha kwanza kilikuwa sahihi.